Barua kwa mwanangu: kuhusu babu yako, mjomba wako na damu yetu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Swali uliloniuliza kwenye simu Ijumaa iliyopita sikulijibu; nilitoa udhuru wa chungu kilichokuwa jikoni. Uliuliza kama ulevi wa babu yako wa Mwambani na unga uliomuua mjomba wako ni kitu kilichomo katika damu yetu, na kama mtoto mnayemtarajia atazaliwa nacho. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31 na jambo hili nimewaeleza watu wengi waliokuja na wagonjwa wao, lakini wewe, niliyekuzaa, sikuwahi kukueleza, na ninakuomba radhi kwa hilo.

Ndiyo, kwa sehemu limo katika damu. Watafiti waliowalinganisha pacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile, na pacha wasiofanana, wameona kwamba karibu nusu ya tofauti iliyopo baina ya mtu na mtu katika hatari ya kuwa mlevi hutokana na urithi. Nusu hiyo inahusu watu wengi wakipimwa kwa pamoja. Haina maana kwamba wewe binafsi una nafasi 50 kwa 100 ya kuwa mlevi, wala kwamba ukipata watoto wawili mmoja amekwisha kuandikiwa. Na wale wanaosema kwamba mtoto huiga tu anayoyaona nyumbani walijibiwa huko Denmark mwaka 1973, pale Donald Goodwin na wenzake walipowachunguza wanaume waliozaliwa na wazazi walevi lakini wakalelewa tangu uchanga katika nyumba za watu wengine: walevi miongoni mwao walikuwa karibu mara nne ya waliopatikana kwa wenzao, watoto wa kulelewa pia, ambao wazazi wao hawakuwa walevi.

Lakini ulevi wenyewe haurithiwi, mwanangu. Hakuna jeni moja ya ulevi ambayo mtu anaweza kupimwa damu akaambiwa unayo au huna. Ziko nyingi, kila moja inachangia kidogo, na baadhi yake zinahusu tu namna mwili unavyokipokea kilevi. Nitakueleza kwa mfano wa babu yako, maana wewe ulimkuta mzee wa kitandani na hukumjua alivyokuwa.

Babu yako alikuwa akinywa tembo la mnazi tangu alasiri hadi Isha, kata baada ya kata, kisha anainuka, anakung'uta mchanga kwenye shuka lake na kurudi nyumbani kwa hatua zilizonyooka, na baiskeli yake anaikokota bila kuyumba. Wenzake walilala chini ya minazi. Watu walimsifu kwamba ana kichwa kigumu, nasi watoto tulijivunia sifa hiyo. Hakuna aliyejua kwamba ile ndiyo ilikuwa dalili mbaya. Marc Schuckit, daktari wa Marekani, alianza kwa kuwanywesha vijana pombe ya kipimo na kutazama ilivyowaathiri, kisha akawafuatilia kwa karibu miaka kumi. Mwaka 1994 alieleza kwamba katika watoto wa kiume wa walevi, wale ambao pombe iliwagusa kidogo tu walikuja kuwa walevi 56 katika kila 100, na wale iliowaathiri sana, 14. Mwili usiotoa onyo mapema humwacha mwenyewe aendelee. Kinyume chake, watu wengi wa China, Japani na Korea wamerithi jeni inayozuia mwili kuivunja pombe sawasawa, hivyo kwa bilauri moja uso unawaiva, moyo unakwenda mbio na kichefuchefu kinawapanda. Na ulevi kwa wenye jeni hiyo huwa haba kwa sababu hiyo.

Sasa kumbuka uliyoniambia baada ya harusi ya rafiki yako, kwamba wenzako walibebwa nawe ulikuwa umekunywa sawa na wao lakini ukaendesha gari mpaka nyumbani. Ulilisema kwa furaha. Mimi nilikaa kimya, lakini usiku ule sikulala.

Mjomba wako alikuwa na kichwa hichohicho, na urithi wa uraibu mara nyingi hauchagui kilevi. Tofauti ni kwamba baba yake alikutana na mnazi, na yeye alikuwa kijana wa pwani wakati heroini imekwisha kuingia mijini kwetu, kete zikiuzwa vichochoroni. Arosto, yaani mateso ya kuukosa unga, ilipomshika tulimfungia chumba cha uani. Alikuwa akipiga miayo mfululizo, machozi na kamasi vikimtoka, vinyweleo vimesimama kwenye joto la Februari, na mimi, muuguzi, nikamwambia kupitia mlangoni kwamba amejitakia. Alifariki mwaka 2004. Methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na leo nikiwaona vijana wanaokunywa dozi yao asubuhi na kwenda kazini, ninamwona yeye.

Kwa hiyo ninakuomba mambo machache. Pombe uiache kabisa, kwa sababu katika ukoo wetu kunywa bila kulewa hakumaanishi usalama. Mtoto akikua, mweleze habari hizi kabla hajafika umri wa kuonjeshwa na wenzake, maana kuanza mapema huongeza hatari, na kwa mwenye urithi kama wetu kila mwaka anaochelewa ni faida. Usimwambie kwamba amelaaniwa. Watoto wa babu yako tulikuwa saba, na aliyezama ni mmoja.

Nimeanza kuandika katika daftari majina ya ndugu wa upande wangu, nani alikunywa, nani aliacha na aliachaje. Upande wa marehemu baba yako siujui vizuri. Shangazi yako wa Pangani ameahidi kuja wiki ijayo, nami nitamuuliza, kisha nitakuandikia tena.

Mama yako