Kupanga kurasa kwenye laptopu ndogo: vitufe vya kukuza vipange mwenyewe

Mwanagenzi wa kupanga kurasa katika duka la uchapaji, iwe Darajani au Chake Chake, aghalabu hukabidhiwa laptopu yenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Anaanza na kadi ya harusi, kipeperushi cha hoteli au ratiba ya Ramadhani, na hapo hapo anakwama: ukurasa ukionekana wote, maandishi hayasomeki.

Hesabu yake ni hii. A4 iliyosimama ina urefu wa pointi 842 (pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi). Ukiondoa menyu, rula na upau wa chini, skrini inabakiwa na pikseli kama 600 za wima, kwa hivyo herufi ya pointi 10 inapata pikseli 7 tu. Hapo 3 na 8 hufanana, na katika ratiba ya Ramadhani tarakimu moja ikikosewa mtu hufuturu kabla ya wakati. Ukitanua ukurasa uenee kwa upana, pointi 595 ndani ya pikseli 1000 zilizobaki kando ya paneli, herufi ile ile inapata pikseli 17. Basi unahitaji mitazamo miwili, mmoja wa kuona mpangilio na mmoja wa kusomea, na vitufe vya kuhama kati yake bila ya mkono wa kulia kuachia mausi.

Vitufe vya asili havikupangwa kwa haja hiyo. Katika InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa, Ctrl+0 huonesha ukurasa mzima, na Ctrl+Alt+= hukuza fremu (kisanduku cha maandishi au picha) uliyoichagua mpaka ijaze dirisha. Vyote viwili ni vizuri sana, lakini 0 na = ziko kulia. Ctrl+Alt+2, inayokurudisha kwenye ukuzaji uliotangulia, iache kama ilivyo. Mkono wa kushoto unaifikia.

Kubadilisha, fungua Edit, kisha Keyboard Shortcuts. Anza na New Set, kwani seti ya vitufe ya asili haikubali kuguswa. Kwenye Product Area chagua View Menu. Amri usiyoiona hapo itafute katika Views, Navigation. Bofya kisanduku cha New Shortcut, bonyeza vitufe unavyovitaka, halafu soma mstari wa Currently Assigned kabla ya kubofya Assign. Wengi huuruka mstari huo, wakapoteza amri nyingine waliyoizoea.

Usiweke herufi moja peke yake, itagongana na uandishi. Chukua Ctrl+Alt na herufi ya upande wa kushoto. Vitufe vya F pia si chaguo zuri: kwenye laptopu nyingi ndogo hubadilisha mwanga na sauti mpaka ushike Fn. Mishale pamoja na Ctrl+Alt iepuke, kwa sababu kwenye baadhi ya mashine huipindua skrini nzima.

Kwa Scribus, programu nyingine ya kupanga kurasa ambayo ni ya bure, nenda File, Preferences, Keyboard Shortcuts. Tafuta Fit to Width, amri ya kueneza ukurasa kwa upana, chagua User Defined Key, bofya Set Key, kisha bonyeza vitufe vyako. Vikiwa vina kazi nyingine, programu itakwambia. Ukiwa humo humo kwenye Preferences, ingia sehemu ya Display, weka rula halisi juu ya skrini na usogeze kidhibiti mpaka vipimo vilingane. Tangu hapo 100% itakuwa ukubwa wa kweli, na mteja ataiona kadi yake kama itakavyotoka.

Kadi yenye Bismillahi juu isipitishwe kwa 100%. Ikague kwa 400%, uangalie nukta na irabu za Kiarabu moja moja. Zikipotea au zikikaa juu ya herufi siyo, mara nyingi sababu ni fonti.

Jambo dogo linaloharibu kazi: ukiwa ndani ya maandishi katika InDesign na ukataka kukuza kwa Ctrl na kitufe cha nafasi, tangulia Ctrl. Ukitanguliza nafasi, unaingiza pengo katikati ya sentensi bila kujijua.

Mashine ikitumiwa na wengi, ipe seti jina lako na uwaachie wenzako ya asili. Scribus ina Export kwenye ukurasa ule ule wa vitufe, inayohifadhi vitufe vyako katika faili; faili hilo liweke kwenye flashi.