Shule ya mtoto London inapungukiwa wanafunzi: nimhamishe?

Dada, usikimbilie kumhamisha. England fedha humfuata mwanafunzi: watoto huhesabiwa Oktoba, na bajeti ya shule ya halmashauri huanza Aprili inayofuata. Darasa la watoto 19 linataka mwalimu mmoja sawa na la 30 (kikomo cha kisheria kwa madarasa ya wadogo), ila fedha ni pungufu. Mara nyingi wasaidizi wa walimu ndio huondolewa kwanza, kisha watoto wa rika mbili huunganishwa katika darasa moja.

Uliza ofisi ya shule nafasi za wanafunzi zilizotangazwa ni ngapi na waliosajiliwa wangapi. Soma pia kumbukumbu za vikao vya bodi ya shule, huko ndiko ukweli ulipo. Tangazo rasmi la kufunga likitoka, una wiki 4 za kutoa maoni. Ukiamua kuhama, usimtoe kabla hujapata nafasi kwingine kwa maandishi.