Fundi anasema tusisasishe tena. Tumsikilize?

SWALI: Mimi ni afisa wa TEHAMA katika SACCO moja hapa Busia, Uganda. Tuna programu ya chanzo huria (msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuubadili) ya kutathmini hatari, imeandikwa kwa lugha ya PHP, inatumia kanzidata ya MySQL, na seva iko ofisini. Fundi alituwekea miaka mitatu iliyopita. Akaweka nembo yetu, akabadili hesabu ya alama za hatari na kutengeneza ripoti ya bodi. Mwezi uliopita nilisasisha, vyote vikatoweka. Fundi ameturudishia toleo la zamani, anasema programu inayofanya kazi haiguswi. Ni sawa?

JIBU: Hapana. Ila kabla hatujamfikia fundi, kuna jambo hukulitaja. Alipowarudishia toleo la zamani, alirudisha na kanzidata ya kabla ya sasisho, au alibandika faili za zamani tu? Sasisho hugusa majedwali pia: safuwima mpya huongezwa, nyingine hufutwa au kupewa jina jingine. Faili zikiwa za zamani na majedwali yakiwa mapya, programu itafunguka, utaingia, utaona orodha ya hatari zenu na utasema imepona. Kumbe siku mtu anapohifadhi hatari mpya, nusu ya maelezo yake haiendi popote. Na kwenye MySQL, amri ya kubadili muundo wa jedwali ikishapita imepita. Haiko kama PostgreSQL, kanzidata nyingine, ambako amri nyingi za namna hiyo unaweza kuzifunga katika muamala mmoja na kuutengua wote. Umeme ukikatika katikati ya sasisho, unabaki na majedwali nusu mapya, nusu makuukuu. Leo hii toa nakala ya kanzidata jinsi ilivyo, kisha linganisha muundo wake na ule unaotakiwa na toleo mlilonalo. Ukikuta tofauti, zuieni watu kuingiza data mpaka litatuliwe.

Sasa fundi. Nembo, hesabu na ripoti havikupotea kwa bahati mbaya. Aliviandika ndani ya faili za asili za programu, na kazi ya sasisho ni kuziondoa faili hizo na kuweka nyingine. Hili nakutana nalo karibu kila ninakoitwa, na bado linaniudhi. Mtu akisikia chanzo huria anaelewa kwamba afungue faili yoyote achomeke analotaka. Ruhusa ipo, leseni inaitoa. Lakini ukishachomeka, toleo hilo ni lako peke yako, na wanaoitunza programu huko waliko hawana habari nalo. Nyinyi wa Busia, ilikozaliwa boda boda, mtanielewa: ni fundi anayechomelea nati badala ya kuikaza. Pikipiki itakwenda Tororo na kurudi. Siku ya kubadilisha beringi mtamtafuta yeye, na atakuja na msumeno na bei yake.

Ndiyo maana anawaambia msisasishe. Sasisho linamuumbua.

Na hiyo kauli kwamba inafanya kazi, inawafanyia kazi nani? Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza taarifa za mikopo ya watu, ilikuwa na tovuti inayofanya kazi vizuri kabisa, imejengwa juu ya Apache Struts, kiunzi cha kujengea tovuti, nacho ni chanzo huria. Kiraka, yaani rekebisho la kuziba tundu la usalama lililokuwemo, kilitolewa Machi. Hakikuwekwa kwenye tovuti hiyo. Wezi wakaingia Mei, na hadi wanagunduliwa mwishoni mwa Julai walikuwa wamechukua taarifa za watu zaidi ya milioni 140. Kiraka kikitangazwa, tundu nalo limetangazwa. Anayesoma si wewe tu. Angalia na PHP yenyewe: kama seva yenu bado iko 7.4, mradi wa PHP uliacha kuitolea viraka Novemba 2022.

Utaniambia seva iko ofisini, haionekani nje. Je, mwenyekiti huifungua ripoti akiwa nyumbani? Basi inaonekana.

Njia ya kutoka ipo, inataka uvumilivu tu. Pakua kutoka kwa mradi wenyewe toleo lile lile mlilo nalo, likiwa safi, uliweke kando ya lenu na upitishe amri ya diff, inayolinganisha faili mstari kwa mstari. Kila alichogusa fundi kitajitokeza. Mara nyingi huwa mistari michache kuliko alivyowatoza. Kiingize kwenye Git, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko, ili kiwe na historia. Nembo kwa kawaida ina mahali pake kwenye mipangilio. Ripoti ya bodi iandikeni kama hati ya pembeni inayosoma kanzidata kwa akaunti isiyo na ruhusa ya kuandika. Hesabu ya alama ndiyo ya kukaa nayo chini. Kama programu ilizidisha uwezekano kwa athari, moja hadi tano kila upande, na yeye akabadili katikati ya safari, basi alama 15 ya mwaka wa kwanza na 15 ya leo si kitu kimoja, na bodi inazilinganisha kwenye ukurasa mmoja. Ulizeni nani aliidhinisha badiliko hilo. Baada ya hapo pandeni toleo kwa toleo, kwenye kompyuta ya majaribio, mkisoma maelezo ya kila toleo.

Wengine wanaosoma hapa, msicheke. Naona siku hizi kuna vijana wanaouza "toleo lililokwisha boreshwa" kwenye flashi, programu ambayo mradi wake unaitoa bure. Kilichoongezwa humo ndani hukijui, na humo ndimo unapoandika kufuli gani ni bovu na nani hajapata mafunzo. Rejesta ya hatari ni ramani ya udhaifu wako. Mara nyingi nakuta imeambatishwa na orodha ya wakopaji walioshindwa kulipa, majina na namba za simu, na hapo Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu moja kwa moja: data ikiibwa unatakiwa kutoa taarifa mara moja, na kumtaja fundi hakutakuondolea wajibu huo.

Kuhusu bakapu, usinijibu kwamba mnayo. Ichukue ya juzi, ifungue kwenye mashine nyingine, uingie, utafute hatari moja mliyoiandika wiki iliyopita. Ikikosekana, sasisho lisubiri.