Wagombea wakibisha kwenye kampuni yako

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 10, 2027, na kadi za mchango zimeshaanza kutufikia kaunta. Tuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru na tawi Kisumu, kwa hiyo huombwa na pande zote. Mwaka 2022 Nakuru ilimpa ugavana mgombea wa chama cha UDA, Kisumu ikampa wa chama cha ODM. Ukichangia mmoja tu, tawi la pili litakuwa na kazi ya kujieleza kwa wateja.

Wengi hutoa kimyakimya huku na kule. Sikushauri. Habari za nani kampa nani hazifichiki; msaidizi wa huyu ni shemeji wa dereva wa yule. Sisi tukiamua kutoa, tunatoa kiasi kilekile kwa vyama vyote viwili, na barua ya kila kimoja inasema wazi kwamba mwenzake naye amepata hichohicho. Kuna mheshimiwa mtarajiwa aliyerudisha hundi kwa hasira. Pesa zikabaki benki, hatukulalamika.

Kabla ya hapo kaeni kikao, mwandike kumbukumbu. Wakurugenzi wetu ni mimi, dada yangu na binamu yetu, na kila mmoja ana mgombea wake. Anayetaka kuongeza atoe mfukoni mwake.

Hundi iandikwe kwa jina la chama, isiwe M-Pesa kwa kijana wa mgombea, na udai risiti. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inakataza mtu au shirika kukipa chama, kwa mwaka mmoja, zaidi ya asilimia 5 ya matumizi ya chama hicho, iwe pesa taslimu au vitu. Kwa hiyo saruji na lori la kubeba wafuasi vinahesabiwa pia. Chama kidogo unaweza kukipitishia kiwango bila kujua. IEBC, tume ya uchaguzi, ilitangaza vikomo vya pesa za kampeni mwaka 2021, wabunge wakavikataa. Ndiyo maana wanaomba bila haya.

Hatari kubwa zaidi ni kukopesha. Mabati, tenti, mafuta: "Tutamalizana baada ya kura, bosi." Aliyeshindwa huzima simu. Aliyeshinda ndiye mbaya zaidi, kwa sababu atataka kukulipa kwa tenda. Hapo deni lako limegeuka hongo, nawe utajikuta ukijibu maswali ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, kuhusu mabati ambayo bado hujalipwa. Na hata tenda halali, waulize makandarasi wanavyosubiri malipo ya kaunti.

Usigombane na wateja kwa ajili ya wanasiasa pia; wao hupatana. Uhuru na Raila walipeana mikono Machi 9, 2018. Ruto na Raila wakatia saini makubaliano yao Machi 7, 2025. Hakuna aliyempigia muuza misumari kumwarifu.

Mhasibu wetu haingizi mchango wa siasa katika gharama za biashara. Anautoa kwenye faida iliyokwisha kutozwa kodi. Tangu tuanze kuuona hivyo kwenye vitabu, kikao cha kuamua kiasi hakichukui muda.