Kabla hujawa mkalimani wao

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea baba yako. Unauliza kama ukubali kuwa mkalimani wa wanafunzi wenzako wa huko Marekani, watakaokuja Moshi wiki tatu mwezi Julai kupima watu afya, na kazi hiyo ihesabiwe kwenye masomo yao.

Ukalimani utauweza. Mimi nataka kujua nani amewaita.

Unawakumbuka wale waliokuja zahanati kwetu ukiwa kidato cha pili? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walishuka garini na jembe mkononi. Wakapanga meza chini ya mparachichi, wakampima babu yako mdogo: 160 kwa 100. Mzee katoka kupanda kilima juani, kamera zinamtazama, presha itakosaje kupanda? Wakamwambia anaumwa, wakaandika kwenye daftari lao, Ijumaa wakaondoka. Mzee akaacha shamba, akaitisha kikao cha ukoo agawe kihamba, shamba la urithi! Nikampima tena siku tatu tofauti, kama inavyotakiwa. Presha nzuri kabisa. Hakuniamini. "Wewe unajua kuliko wazungu?" Mbele ya shangazi zako wote. Na waliokuwa nayo kweli wakaja kwangu kudai dawa, kabatini hamna kitu. Nani aliwaita?

Ila yule binti mwenye miwani hakugusa mkono wa mgonjwa. Aliniuliza nimelemewa na nini, nikamwonyesha vitabu vya MTUHA, vile vya kuandikia takwimu za wagonjwa. Akakaa nami kujumlisha mpaka taarifa ya mwezi ikaenda wilayani kwa wakati. Hakuna aliyempiga picha. Kwa hiyo siwezi kusema wote wasije. Hata huyo padri wako Ivan Illich, unayesema mwaka 1968 kule Mexico aliwaambia wanafunzi wa Marekani waje kutazama na kupanda milima lakini wasije kusaidia, simkubalii moja kwa moja. Milima tunayo, sawa. Lakini vitabu vya MTUHA havijijazi. Lakini tena, binti yule alikuwa mmoja, na wenzake wangapi?

Ungekuwa bado chini ya paa langu ningekukataza, yakaisha. Sasa ni mtu mzima, sisemi kitu. Mwulize tu mwalimu wenu: mtu akikutwa na presha Julai, vidonge vya Agosti anapewa na nani? Nitumie jibu lake kabla hujakata tiketi.

Baba yako anasema hapo nimeshakataa. Mwache.

Mama yako