Mkunga Anajibu: Michembe ya Mama Mkwe na Sindano ya Insulini

SWALI: Shikamoo mama. Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na nina mimba ya wiki 29, ya pili. Kliniki wameniambia nina kisukari cha mimba. Nimepunguza chakula lakini asubuhi kipimo kinagoma kushuka, sasa daktari anataka nianze insulini. Jirani anasema nikishaanza sindano ndiyo basi, sitaacha maisha, na mtoto atadhurika. Mama mkwe naye kaja kutoka kisiwani Ukerewe na mfuko wa michembe, anasema chakula cha asili hakina sukari. Anataka nikajifungulie kwake. Nifuate lipi?
Mama Kijacho, Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kusemeshwa na watu wengi kwa wakati mmoja.

Nianze na jirani. Insulini ni homoni ya kushusha sukari kwenye damu, na hiyo unayochoma haivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto. Kinachovuka ni sukari yako. Ikizidi, mtoto anatengeneza insulini nyingi ya kwake, ananenepa, mabega yanaweza kukwama wakati wa kuzaliwa, na akishatoka sukari yake inashuka ghafla. Kwa hiyo anayehitaji kuogopwa hapo si sindano. Na suala la kutoacha maisha: homoni za kondo ndizo zinazoizuia insulini yako isifanye kazi vizuri. Kondo likitoka, wanawake wengi huacha sindano siku hiyohiyo.

Asubuhi kugoma si ushahidi kwamba umekula kwa kuiba. Usiku ini linaachia sukari kwenye damu hata kama hujala kitu, na homoni hizo zinazuia isitumike. Unaweza kulala na mlenda na kipande cha sato ukaamka na sukari ya 5.9 mmol/L, kipimo cha mashine. Kwa kawaida tunataka kabla ya kula iwe chini ya 5.3, saa moja baada ya kula chini ya 7.8, na saa mbili chini ya 6.7, lakini fuata namba ulizoandikiwa na daktari wako. Usijilaze njaa ili kuifurahisha mashine. Hilo nalikataza kabisa.

Halafu nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kujichoma kidole kupima sukari. Msimu wa maembe huu nimeona mama katoka kumenya embe, akajipima kwa kidole chenye utomvu wa tunda, mashine ikasoma juu, nyumba nzima ikalia. Choma pembeni ya kidole, siyo katikati ya ncha, maana hapo ndipo utashikia dagaa kesho.

Sasa mama mkwe. Mwambie kwa heshima kwamba michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Maji yametoka, wanga umebaki. Hata bila kutia kijiko cha sukari, tumboni vinageuka sukari. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, hali kadhalika, na ugali wa udaga, ule wa muhogo, pia. Sikufukuzi mezani. Kula vipande vichache, uviweke mahali pa ugali, siyo juu ya ugali. Nusu ya sahani iwe mchicha, kisamvu au mlenda, robo iwe dagaa, samaki au maharage, robo inayobaki ndiyo ya wanga. Wewe kwenye protini umebarikiwa, unaiuza. Uji mtupu wa asubuhi wenye sukari, chai ya sukari na maandazi, soda, juisi ya kukamua: hivyo achana navyo. Ukishakula, tembea taratibu dakika kumi na tano hivi badala ya kukaa tu kwenye meza ya biashara.

Kama huna friji, chupa ya insulini unayoitumia inaweza kukaa nje mahali pa baridi, pasipo jua, kwa wiki nne hivi. Watu wengi wanaiweka ndani ya chombo kilichowekwa kwenye mtungi wa maji. Isikae kwenye mkoba juani. Ukitetemeka, ukatoka jasho na moyo ukaenda mbio, jipime; ukiwa huna mashine karibu, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, kisha ule kitu. Hapo ndipo sukari ina kazi yake.

Kuhusu Ukerewe, hapana, usiende kujifungulia huko. Ukiwa unatumia insulini, zalia hospitali yenye daktari wa upasuaji, damu na uwezo wa kumpima mtoto sukari. Usiku mwanamke mwenye uchungu havuki ziwa anavyotaka. Mama mkwe ndiye aje Mwanza, na akija awe tayari kukuacha umnyonyeshe mtoto ndani ya saa ya kwanza, bila kumpa maji ya sukari kwanza.

Baada ya arobaini rudi ukapimwe tena, kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, hata ukijisikia mzima kabisa, kisha angalau kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Kisukari cha ukubwani kinapenda kuwarudia waliopitia hiki. Mwambie mkunga aandike tarehe hiyo kwenye kadi ya mtoto, hiyo ndiyo karatasi ambayo hutaipoteza.