Dopamini na vitamini C kugongana kwenye elektrodi ya kaboni
Mkuu umesema ukipima dopamini (kemikali ya ubongo inayopeleka ujumbe kati ya neva) unapata kilele kimoja kipana kwenye grafu ya mkondo wa umeme badala ya viwili, hiyo ni vitamini C inakuharibia, kwenye kaboni tupu inaoksidika (inapoteza elektroni) karibu volti ileile na dopamini. Paka Nafioni (aina ya plastiki yenye chaji hasi) juu, tone la maikrolita 5 hivi linatosha, iache ikauke yenyewe. Ukiwa na bafa (mmumunyo unaoshikilia pH isibadilike) ya pH 7.4 dopamini ina chaji chanya inapita, askobati (ndiyo hiyo vitamini C) ni hasi inasukumwa nje. Usijaze tu, ikiwa nene majibu yanachelewa. Ila kwanza sugua elektrodi na unga wa alumina wa maikroni 0.05, zungusha namba 8 mpaka ing'ae kama kioo, mi nilipoteza wiki nzima nalaumu kemikali kumbe uso mchafu tu.